Kurudisha Programu Jalizi za Zamani Kwenye Office Mpya Bila Kurudi Office 2007

Ofisi nyingi hapa Uganda zinategemea faili moja ambayo aliyeiandika hajulikani aliko. Kwenye SACCO ni ile inayopiga hesabu ya riba. Shuleni ni ile inayotoa ripoti za wanafunzi mwisho wa muhula. Kwa mhasibu wa duka la jumla ni ile fomula inayogeuza 2,500,000 kuwa "Shillings Two Million Five Hundred Thousand Only" kwenye vocha. Hizi hazikuja na Excel. Ni programu jalizi, mtu aliziandika zamani akazipachika ndani ya Excel, na zimekuwa zikifanya kazi kimya kimya kwa miaka. Siku ofisi inaponunua kompyuta mpya au Office inapopandishwa toleo, kitufe kinapotea na kazi inasimama.

Hapo ndipo fundi anapoitwa, na mara nyingi anachofanya ni kuondoa Office mpya na kurudisha ya 2007. Naomba usikubali haraka. Office 2010 iliachwa kupewa marekebisho ya usalama tarehe 13 Oktoba 2020, Office 2013 tarehe 11 Aprili 2023, na Office 2016 pamoja na 2019 tarehe 14 Oktoba 2025. Kurudi huko ni kuweka hesabu za wanachama kwenye mlango usio na kufuli. Tena mara nyingi si lazima, kwa sababu jalizi iliyogoma kwa kawaida haijaharibika, imezuiwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: imezuiwa, haiwezi kupakiwa, au inapakiwa lakini msimbo wake umepitwa na wakati? Kila jibu lina dawa yake.

Nitaongelea zaidi Excel ya Windows, kwa kuwa ndiko jalizi nyingi ziliko. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Kabla ya kugusa chochote

Chagua siku. PAYE na michango ya NSSF hutakiwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo usianze kazi hii tarehe 12 huku mishahara ikisubiri. Anza ukiwa na angalau wiki moja ya nafasi.

Usiifute kompyuta ya zamani wala kuiuza kabla jalizi haijafanya kazi kwenye mpya. Humo ndimo mna faili halisi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%\Microsoft\AddIns kisha Enter. Ukikosa kitu humo, jaribu %appdata%\Microsoft\Excel\XLSTART. Kwa jalizi za Word, tazama %appdata%\Microsoft\Word\STARTUP. Nakili kila ulichokikuta, weka nakala mbili mahali pawili tofauti, na usifanye majaribio yoyote kwenye nakala ya asili.

Ukiwa bado kwenye mashine ya zamani, fungua kitabu kimoja cha kazi (faili ya Excel) kinachotumia jalizi hiyo na upige picha ya skrini yenye majibu yake. Mwishoni utayahitaji ya kulinganisha.

Kisha nenda kwenye mashine mpya: File, Account, About Excel. Mstari wa kwanza wa kidirisha kinachofunguka unaonyesha toleo, na mwishoni mwake pameandikwa 32-bit au 64-bit, aina mbili za Office ambazo nitazieleza mbele. Iandike hiyo. Usichanganyikiwe na namba 16.0, Office 2016, 2019, 2021, 2024 na Microsoft 365 zote zinaitumia.

Jua jalizi yako ni ya aina gani

Windows huficha herufi za mwisho wa jina la faili. Kwenye File Explorer bofya View, kisha Show, kisha File name extensions, nazo zitaonekana.

Faili ya .xla ni jalizi ya Excel 97 hadi 2003, na .xlam ni ya kuanzia 2007. Zote mbili zimeandikwa kwa VBA, lugha ya kuandikia makro (amri zinazojiendesha) ndani ya Office, na hizo ndizo zenye matumaini makubwa kwa sababu unaweza kufungua msimbo wake na kuurekebisha. Faili ya .xll ni programu iliyokwisha kukusanywa kwa lugha kama C++, huwezi kuirekebisha mwenyewe. Zipo pia jalizi za COM, ambazo kwa kawaida ni .dll iliyosajiliwa ndani ya Windows wakati wa usakinishaji. Jalizi za COM huwezi kuzinakili kwa flashi zikafanya kazi. Lazima zisakinishwe upya kwa kisakinishi chake. Watu wengi hupoteza muda hapo, wakibeba .dll kutoka mashine hadi mashine.

Ikiwa imezuiwa

Faili ikija kwa barua pepe, ikipakuliwa kwenye mtandao, au ikihifadhiwa kutoka WhatsApp Web, Windows huibandika alama isiyoonekana inayosema imetoka nje. Tangu 2022, makro za faili yenye alama hiyo zimezuiwa kwa chaguo-msingi kwenye Microsoft 365; .xll zenye alama zilifuata mwaka 2023. Kwenye kitabu cha kawaida cha Excel utaona ukanda mwekundu wa onyo. Kwenye .xla na .xlam hali ni ngumu zaidi, maana Excel mara nyingi haisemi neno. Unaweka tiki kwenye orodha ya jalizi, unafunga, unafungua, na kichupo chako hakipo kwenye utepe.

Kuna jambo hapa linalowashangaza watu ofisini. Faili ile ile, mmoja kaipata kwa WhatsApp haifanyi kazi, mwenzake kaipata kwa flashi inafanya kazi. Sababu ni kwamba alama hiyo huhifadhiwa kwenye diski za mfumo wa NTFS. Flashi nyingi ziko kwenye FAT32 au exFAT, ambako alama haina mahali pa kukaa, hivyo inadondoka njiani.

Dawa yake:

1. Funga madirisha yote ya Excel.
2. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua kuichunguza kwa Microsoft Defender, usubiri majibu.
3. Ikiwa safi na unajua ilikotoka, bofya tena kulia, chagua Properties. Kwenye kichupo cha General, chini kabisa, weka tiki kwenye Unblock, kisha OK.
4. Ikiwa jalizi iko ndani ya faili ya zip, ondoa zuio kwenye zip yenyewe kabla ya kuifungua, la sivyo alama itahamia kwa kila kilichomo.
5. Fungua Excel, nenda File, Options, Add-ins. Chini, penye Manage, chagua Excel Add-ins, bofya Go, kisha Browse, uitafute faili na uiwekee tiki.

Ikiwa ofisi ina jalizi kadhaa za ndani, tengeneza folda moja maalumu kwenye diski C na uisajili kama mahali pa kuaminika: File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, Trusted Locations, Add new location. Usisajili folda ya Downloads wala Desktop nzima. Na tafadhali, usichague Enable all macros ili mambo yaishe haraka. Chaguo hilo linafungulia kila faili yenye makro itakayoingia ofisini, pamoja na ile ya tapeli anayejifanya mteja anayetuma oda.

Zuio la pili ni la Excel yenyewe. Programu ikikatika ghafla wakati inapakia jalizi, mara nyingine ukiifungua Excel inauliza kama uizime jalizi hiyo. Hapa kwetu sababu kubwa ya kukatika ghafla ni umeme, hasa kwenye kompyuta za mezani zisizo na UPS. Mtu ana haraka, anabofya Yes bila kusoma, na tangu hapo jalizi imezimwa. Nenda File, Options, Add-ins, na penye Manage chagua Disabled Items, kisha Go. Ukiikuta humo, ichague ubofye Enable. Rudi kwenye Excel Add-ins au COM Add-ins uiwekee tiki tena, maana kuiwezesha peke yake hakuirudishi kazini.

Ikiwa tatizo ni kinyume chake, yaani Excel inafunguka kwa shida au inaganda na hujui jalizi ipi inasababisha, shikilia kitufe cha Ctrl unapofungua Excel na ukubali hali salama. Ikifunguka vizuri, ondoa tiki za jalizi zote, kisha zirudishe moja moja, ukifunga na kufungua Excel kila mara.

Biti 32 na biti 64

Excel ya biti 64 ilianza na Office 2010, lakini kwa miaka mingi iliyosakinishwa bila kuuliza ilikuwa ya biti 32. Kuanzia Office 2019 na Microsoft 365 mambo yaligeuka: usipochagua, unapewa ya biti 64. Ndiyo maana jalizi iliyovumilia Office 2010, 2013 na 2016 inakuja kugoma ghafla kwenye mashine mpya.

Sheria ni ngumu na haina njia ya mkato. Jalizi ya .xll au ya COM iliyotengenezwa kwa biti 32 haiwezi kupakiwa ndani ya Excel ya biti 64. Una njia mbili tu. Ya kwanza ni kumwomba aliyeitengeneza akupe toleo la biti 64. Ya pili ni kuondoa Office yote na kusakinisha ile ile mpya, ila ya biti 32. Wengi hawajui kwamba Office ya biti 32 bado inatolewa, inapata marekebisho ya usalama kama nyingine, na inafanya kazi vizuri kwenye Windows ya biti 64. Kwenye akaunti yako ya Microsoft, kabla ya kupakua, fungua Other options uchague 32-bit. Office ya biti 32 na ya biti 64 haziwezi kukaa pamoja kwenye mashine moja, kwa hiyo lazima uondoe ya kwanza, uwashe upya kompyuta, kisha usakinishe. Upakuaji ni wa gigabaiti kadhaa; hakikisha bando inatosha kabla ya kuondoa iliyopo, usije ukabaki katikati bila Office ya aina yoyote.

Kwa maoni yangu, ofisi yenye jalizi moja muhimu ya COM ambayo mtengenezaji wake hapatikani ifuate njia hii ya pili bila aibu. Utakachopoteza ni uwezo wa kufungua vitabu vikubwa mno vyenye data nyingi, jambo ambalo SACCO au shule ya kawaida halifikii.

Jalizi za COM zilizoandikwa kwa .NET, jukwaa la Microsoft la kutengenezea programu, zina tatizo lao lingine. Ukizichagua kwenye orodha ya COM Add-ins, chini yake panaandikwa "Not loaded. A runtime error occurred during the loading of the COM Add-in." Nyingi za zamani zinahitaji .NET Framework 3.5, ambayo Windows 10 na 11 hazijaiwasha. Tafuta "Turn Windows features on or off" kwenye menyu ya Start, weka tiki kwenye .NET Framework 3.5, uwe na intaneti, kisha washa upya kompyuta.

Msimbo uliopitwa na wakati

Sehemu hii ni kwa .xla na .xlam. Ujumbe unaojulikana zaidi ni ule unaosema "The code in this project must be updated for use on 64-bit systems." Maana yake ni kwamba jalizi inaita kazi za Windows moja kwa moja kupitia mstari wa Declare, na mstari huo umeandikwa kwa mtindo wa kabla ya 2010.

Bonyeza Alt na F11. Upande wa kushoto tafuta jina la jalizi, fungua moduli zake, kisha tafuta neno Declare kwa Ctrl na F. Utakuta mistari kama hii:

Private Declare Sub Sleep Lib "kernel32" (ByVal dwMilliseconds As Long)

Iongezee neno PtrSafe:

Private Declare PtrSafe Sub Sleep Lib "kernel32" (ByVal dwMilliseconds As Long)

Huo umekwisha. Lakini si kila mstari unaishia hapo. Penye kielekezi cha kumbukumbu au kitambulisho cha dirisha, Long inabadilika kuwa LongPtr:

Private Declare PtrSafe Function FindWindow Lib "user32" Alias "FindWindowA" (ByVal lpClassName As String, ByVal lpWindowName As String) As LongPtr

Na kigezo kinachopokea jibu la FindWindow nacho lazima kitangazwe As LongPtr. Usibadilishe kila Long unayoiona. Milisekunde ni idadi, inabaki Long. Kitambulisho cha dirisha kina ukubwa wa anwani ya kumbukumbu, kinakuwa LongPtr. PtrSafe ni ahadi unayoiambia Excel kwamba umeukagua mstari huo. Ukiibandika kila mahali bila kukagua, Excel itakuamini, kisha itaanguka katikati ya kazi bila maelezo.

Ikiwa bado kuna mashine ya Office 2007 ofisini, weka mistari mipya kati ya #If VBA7 Then na #Else, ya zamani kati ya #Else na #End If. Mwisho bofya Debug, kisha Compile VBAProject. Rudia mpaka isikusimamishe popote.

Ukikuta mradi umefungwa kwa nywila, mtafute aliyeuandika. Ofisi yoyote inayolipia jalizi leo iandike kwenye makubaliano kwamba inakabidhiwa na nywila.

Hitilafu nyingine hujificha nyuma ya ujumbe usioeleweka. "Can't find project or library" ikitokea kwenye neno jepesi kama Left au Date, neno hilo halina kosa. Kwenye dirisha la VBA bofya Tools, References, utafute mstari unaoanza na MISSING:, uondoe tiki yake. Mara nyingi utakuwa ni wa kalenda. Kalenda ya zamani ya MSCAL.OCX iliondolewa Office 2010, na kichagua tarehe cha MSCOMCT2.OCX ni cha biti 32 tu. Badala yake weka kisanduku cha kawaida cha kuandikia tarehe.

Jalizi inayosoma hifadhidata ya Access ya .mdb huenda ina maneno Microsoft.Jet.OLEDB.4.0. Jet, injini ya zamani ya kusomea hifadhidata hizo, haina toleo la biti 64. Andika Microsoft.ACE.OLEDB.12.0 mahali pake. Na ile iliyokuwa ikitafuta mafaili kwa Application.FileSearch iligoma tangu 2007. Kazi hiyo sasa hufanywa na Dir.

Fomula zinazong'ang'ania anwani ya zamani

Umefanikiwa, jalizi imepakiwa, lakini vocha zote za mwaka jana zinaonyesha #NAME?. Bofya seli moja utazame fomula yake. Utakuta kitu kama hiki:

='C:\Users\Accounts\AppData\Roaming\Microsoft\AddIns\SpellNumber.xla'!SpellNumber(B4)

Kitabu kinakumbuka njia nzima ya faili kwenye mashine ya zamani, na jina la mtumiaji likiwemo. Bonyeza Ctrl na H, kwenye kisanduku cha juu bandika sehemu yote kuanzia alama ya nukuu ya kwanza mpaka alama ya mshangao, acha cha chini kitupu, kisha Replace All. Fomula itabaki =SpellNumber(B4) na itafanya kazi.

Kuigeuza .xla kuwa .xlam si lazima, ila nashauri ufanye. Kwenye dirisha la VBA chagua ThisWorkbook ya jalizi, bonyeza F4, badilisha IsAddin iwe False. Rudi Excel, File, Save As, uchague Excel Add-in. Angalia folda kabla ya kuhifadhi, kwa sababu ukichagua aina hiyo Excel hukuhamishia kwenye folda ya AddIns bila kukuuliza. Kisha ondoa tiki ya ile ya zamani. Zikibaki zote mbili, hujui ipi inayojibu.

Inafanya kazi, lakini je, inahesabu sawa?

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi. Jalizi iliyogoma inajulikana na kila mtu. Jalizi inayokosea kimya hulipa watu mishahara isiyo sahihi kwa miezi.

Chukua mfanyakazi mmoja wa mshahara wa shilingi 500,000 kwa mwezi na upige hesabu yake kwa kikokotoo. Kwa jedwali lililoanza Julai 2012, anayepata zaidi ya 410,000 hadi milioni 10 analipa PAYE ya 25,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi 410,000. Kinachozidi ni 90,000, asilimia 30 yake ni 27,000, jumla 52,000. NSSF yake ni asilimia 5, yaani 25,000, na mwajiri anaongeza asilimia 10, yaani 50,000. Jalizi ikikupa PAYE ya 72,500, basi bado ina jedwali la zamani ambalo kodi ilianzia 130,000 badala ya 235,000, na inamkata mtu 20,500 zaidi kila mwezi. Viwango vinaweza kubadilishwa na bajeti inayosomwa kila Juni, kwa hiyo linganisha na jedwali la URA la mwaka wako wa fedha. Afadhali uyatoe kabisa ndani ya msimbo uyaweke kwenye karatasi ambayo mhasibu anaweza kuibadilisha mwenyewe.

La pili ni ukubwa wa namba. Ndani ya VBA, kigezo cha Integer kinaishia 32,767 na cha Long kinaishia 2,147,483,647. Mtu aliyeandika jalizi kwa ajili ya dola au pauni hakuwa na sababu ya kuwaza bilioni mbili. Sisi tunahesabu kwa shilingi. SACCO ya wanachama 1,000 wenye akiba ya wastani wa shilingi milioni 2.2 kila mmoja ina bilioni 2.2, na hapo Long imekwisha. Ndipo unaposikia, "Fundi, mwezi uliopita ilikuwa sawa, sasa inasema Overflow." Office mpya haihusiki, ni akiba imekua. Badilisha tangazo la kigezo:

Dim jumla As Currency

Currency inafika zaidi ya trilioni 922, na haipotezi senti.

Kosa la namna hiyo linatokea pia kwenye kuhesabu mistari. Excel ya 2003 ilikuwa na mistari 65,536. Tangu 2007 ina 1,048,576. Ukimwaga taarifa ya miamala ya mobile money ya mwaka mzima, jalizi yenye Dim i As Integer itasimama baada ya mstari wa 32,767. Hiyo angalau inasimama na kulalamika. Ya kuogopa ni ile yenye Range("A65536").End(xlUp). Data ikivuka mstari huo, amri hiyo inaanzia katikati ya data na kuruka mpaka juu kabisa, inadhani karatasi ni tupu, kisha inaandika miamala mipya juu ya ile ya kwanza. Weka Cells(Rows.Count, "A").End(xlUp) kila unapoikuta.

La tatu ni tarehe. Kompyuta mpya nyingi huja na mpangilio wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Mkopo uliotolewa 03/04/2025 unasomwa kuwa wa tarehe 4 Machi badala ya 3 Aprili, na riba inaanza kuhesabiwa mwezi mmoja kabla. Excel haitakuonya, kwa sababu zote mbili ni tarehe halali. Fungua mipangilio ya Windows, Time & language, kisha Language & region, uchague muundo unaoanza na siku. Jaribu kwa tarehe 25 ya mwezi wowote na tena kwa tarehe 3. Ukijaribu kwa 25 peke yake hutagundua kosa.

Ukimaliza hayo, toa ile picha ya skrini uliyoipiga mwanzoni na ulinganishe seli kwa seli.

Huenda huihitaji tena

Baadhi ya jalizi zilitengenezwa kujaza pengo ambalo Excel yenyewe imeliziba. EOMONTH, EDATE na NETWORKDAYS zilihitaji Analysis ToolPak mpaka 2003. Tangu 2007 zimo ndani. Kuhifadhi kama PDF kulikuwa jalizi ya kupakua kwa Office 2007, sasa ni chaguo la Save As. Power Query, ambayo inaunganisha taarifa za matawi mengi, ilikuwa jalizi ya 2010 na 2013, na kuanzia 2016 iko kwenye kichupo cha Data. Ikiwa kazi ya jalizi yako iko kwenye orodha hii, iache ipumzike.

Kwa Outlook habari ni fupi na si nzuri. Outlook mpya ya Windows haipokei jalizi za COM kabisa. Kama unategemea moja, baki kwenye Outlook ya kawaida huku ukitafuta jalizi ya aina mpya inayofanya kazi kupitia wavuti.

Kuzipeleka mashine nyingine

Usitume jalizi iliyorekebishwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Itabandikwa ile alama tena na utaanza upya kwa kila mtu. Iweke kwenye flashi au folda ya pamoja ya ofisi, na kwenye kila mashine iwekwe ndani ya folda ile ile yenye jina lile lile, kwa mfano C:\JaliziZaOfisi, ili vitabu vinavyohamishwa kati ya mashine visitafute njia isiyokuwepo. Anza na mashine moja, ya mtu anayeitumia kila siku, muachie mzunguko mmoja wa mishahara, kisha nenda kwenye nyingine. Ndani ya folda hiyo weka pia faili ya maandishi yenye jina la jalizi, ulichobadilisha, tarehe, biti za Office uliyoijaribia, na mahali nywila ya msimbo inapotunzwa.